Timu ya shule na buletini (karatasi ya matokeo): namna ya kupanga mwaka mzima bila kimoja kuua kingine

Nafundisha hisabati katika shule ya sekondari huku Lubumbashi, nchini Kongo (DRC), na masomo yakiisha ni kocha wa timu ya basketi ya wasichana. Wazazi wengi wanasema mchezo ndio unaoharibu mtoto. Kwa ninavyoona mimi, kinachoharibu ni ratiba ambayo hakuna mtu mzima aliyekaa chini kuipanga. Msichana wa miaka 15 anaambiwa "jipange", halafu kocha anaweka mazoezi makali leo wakati kesho kuna intero (jaribio fupi la darasani) ya fizikia. Kwa hiyo haya nayaandikia makocha na matitileri (walimu wa darasa). Mtoto atafuata akikuta njia imeshafyekwa.

Hatua ya 1: Soma buletini kabla ya kupanga mazoezi

Semesta, yaani nusu ya mwaka wa shule, ina periodi mbili (vipindi vya kuhesabu pointi) na mtihani. Somo lenye maksima (pointi za juu kabisa) 10 kwa kila periodi lina 20 kwenye mtihani, jumla 40. Yaani mtihani peke yake una uzito wa periodi zote mbili. Mchezaji aliyepata 4 na 5 anahitaji 11 juu ya 20 ili afike nusu. Aliyepata 4 na 3 anahitaji 13, na hesabu hiyo usimpigie wiki ya mtihani. Mpigie siku periodi ya pili inapofungwa, bado kuna muda. Angalia pia masomo yenye maksima kubwa katika seksio yake (mchepuo anaosomea). Kuanguka katika somo zito la mchepuo hakuzibwi na pointi nzuri za somo dogo.

Sasa chukua karatasi kubwa. Weka rangi nyekundu kwenye majuma ya mitihani ya semesta zote mbili na mwisho wa kila periodi, kisha andika mechi zako juu yake. Panapogongana, piga simu mapema. Mechi ya kirafiki ikiwa bado majuma matatu inahamishwa kwa maneno mawili. Ikibaki siku mbili, utaambiwa unakimbia.

Hatua ya 2: Jua zamu na nyumba ya kila mchezaji

Shule nyingi za hapa zina zamu ya asubuhi na ya mchana. Ukiita mazoezi saa tisa, wa zamu ya mchana wako darasani. Ukingoja watoke, jua linazama karibu saa kumi na mbili na uwanja hauna taa. Mimi nagawanya: siku mbili katikati ya juma kwa zamu iliyo huru, na Jumamosi asubuhi timu nzima. Wenzangu wengine huwatoa watoto darasani saa ya mwisho. Mimi sikubali, na sababu yake iko hatua ya 5.

Halafu uliza: ukifika nyumbani, unaanza na nini? Mvulana mara nyingi atajibu anakula. Msichana atakuhesabia: kuchota maji, kuosha vyombo, kusonga bukari (ugali), kuogesha mdogo wake. Vitabu vinafunguliwa saa tatu usiku, kama umeme upo. Hilo halirekebishwi uwanjani. Nenda nyumbani, kaa, zungumza na mama yake.

"Mama, naomba Jumanne na Alhamisi tu, maji achote mwingine. Siku zingine sigusi."

"Na pointi zake, mwalimu? Utaniletea wewe?"

Swali hilo ni la haki, na jibu lake ni daftari la hatua ya 4. Lipeleke mkononi siku hiyo hiyo. Kama baba naye yupo na anasema mpira na shule ni maadui, mkumbushe kwamba TP Mazembe, klabu ya mpira wa miguu ya hapa mjini, yenyewe ilizaliwa shuleni: ilianzishwa mwaka 1939 na watawa Wabenedikto waliokuwa wakiongoza Taasisi ya Mtakatifu Bonifasi, ili wanafunzi wawe na shughuli. Hapa mjini hakuna mzazi asiyesikiliza habari ya Mazembe, hata yule anayejifanya hapendi mpira.

Hatua ya 3: Saa ya masomo iwe kabla ya mazoezi

Makocha wengi wanasema "tufanye mazoezi, wakifika nyumbani watasoma". Hawatasoma. Miguu imechoka, giza limeingia, umeme umekatika, na kazi za nyumbani zinawangoja. Mpangilio wangu ni huu: dakika 45 darasani, kisha dakika 75 uwanjani. Omba prefe (mkuu wa shule) akuachie chumba kimoja, na chagua kilicho karibu na uwanja, maana wakisikia mpira unadundwa wanamaliza kazi haraka.

Dakika hizo 45 usifundishe somo jipya. Kila mmoja aje na kitu kimoja: devoari (zoezi la kufanyia nyumbani) ya kesho au intero iliyorudi na wino mwekundu. Hiyo intero iliyorudi ndiyo dhahabu. Mchezaji wangu mmoja alikuwa anapoteza pointi kila mara kwenye milinganyo, na mwenyewe aliamini hajui hisabati. Tulipoweka intero zake tatu mezani pamoja, kosa lilikuwa lile lile: akihamisha namba upande wa pili habadilishi alama, kwa hiyo 3x + 7 = 22 kwake ilileta 3x = 29. Tulipiga mifano ya namna hiyo tu mpaka mkono ukazoea. Uwanjani tunafanya vivyo hivyo na anayekosa mitupo ya adhabu: hatumwambii hajui basketi, tunatazama kiwiko.

Wapange wakubwa na wadogo meza moja. Wa mwaka wa tatu wa humanite (sekondari ya juu) akimweleza wa mwaka wa kwanza, wote wawili wanatoka na kitu, na uwanjani watapeana pasi bila kununiana.

Hatua ya 4: Daftari moja, safu tatu

Jina, intero za wiki hii na matokeo, sahihi ya titileri. Basi. Ukiongeza safu zaidi, ifikapo Novemba hakuna anayejaza. Mwenye kulizungusha awe mchezaji, kwa zamu, kila Ijumaa.

Kanuni yangu, na najua wengine hawaipendi: aliye chini ya nusu katika masomo mawili au zaidi hachezi mechi ya wiki hiyo, lakini mazoezi anakuja. Ukimfukuza mazoezini umemfukuza pia kwenye ile saa ya masomo, na hapo huna tena kamba ya kumvutia. Benchi linauma vya kutosha. Kanuni imguse na nyota wako. Ukimsamehe siku ya fainali, daftari limekufa na timu nzima imeona.

Hatua ya 5: Mechi za nje, na lile daftari la somo

Kwetu wanafunzi wengi hawana kitabu cha somo. Mwalimu anaandika ubaoni, wao wananakili, na hicho ndicho kitabu. Asiyekuwepo kwa muda wa saa mbili amekosa kurasa zenyewe, na siku ya mtihani hana pa kusomea. Ndiyo maana sitoi mtu darasani kwa ajili ya mazoezi.

Kwa safari ya Likasi, ambako ni kama kilomita 120, siku nzima inakwenda. Wiki moja kabla, peleka barua kwa prefe yenye majina na saa mtakazokosa. Kila mchezaji amtaje mwenzake wa darasa, mwenye mwandiko unaosomeka, atakayepiga picha ubao au daftari. Jumatatu ile saa ya masomo inakuwa ya kunakili tu.

Hatua ya 6: Majuma ya mtihani

Punguza, usifute. Shirika la Afya Duniani linashauri vijana wa miaka 5 hadi 17 wapate wastani wa dakika 60 za kujishughulisha kwa siku, na mtoto aliyezoea kukimbia akifungiwa ndani majuma mawili anakuwa mzito hata kichwani. Mazoezi mawili mepesi ya dakika 40 yanatosha, bila kushindana. Msisitizo wangu wakati huo ni usingizi: umri wao unahitaji saa 8 hadi 10. Anayekesha na kitochi mpaka saa tisa usiku anaingia mtihanini amelewa usingizi.

Hatua ya 7: Wa mwaka wa nne

Hawa wana Examen d'État, mtihani wa taifa wa kumaliza sekondari, na haianzi siku ile ya sesheni ya kawaida. Kabla yake kuna hors-session, sehemu ya kwanza ya mtihani huo, yenye disetasio (insha) ya Kifaransa. Wa pedagojia (ualimu) wana pia staji, yaani mazoezi ya kufundisha, na wa ufundi wana atelye (karakana). Waachie waje Jumamosi tu kuanzia semesta ya pili, na kitambaa cha kapteni kimpitie wa mwaka wa tatu mwezi wa pili. Ukingoja mpaka mwezi wa tano, utakuwa unatafuta kapteni huku mechi ni kesho.