Somo: Kuonja wiski ya kimea kutoka pwani ya Uskoti, kuanzia puani hadi kijiko cha maji

Somo hili ni la watu wazima wanaokunywa. Ukitumia vizuri toti moja utajifunza zaidi ya aliyemaliza nusu chupa.

Tutatumia chupa tatu, na kama mfuko hauruhusu anza na ya kwanza tu. Talisker ya miaka 10 inatoka kijiji cha Carbost, kisiwa cha Skye, kwenye kiwanda kilichoanzishwa mwaka 1830 na ndugu wawili, Hugh na Kenneth MacAskill. Caol Ila ya miaka 12 na Bunnahabhain ya miaka 12 zinatoka kisiwa cha Islay. Hizi mbili nimezichagua kwa makusudi. Viwanda vyake viko upande mmoja wa kisiwa, kilomita chache tu kati yao, na vyote vinatazama mlangobahari uleule wa kwenda kisiwa jirani cha Jura. Caol Ila imejaa moshi, Bunnahabhain karibu haina moshi kabisa. Ukizinusa pamoja, dhana kwamba ladha ya pwani huletwa na upepo wa bahari inaanza kuyumba hapohapo.

Kwenye lebo tafuta maneno Single Malt Scotch Whisky. Kwa sheria ya mwaka 2009 maana yake ni shayiri iliyooteshwa kuwa kimea bila nafaka nyingine, kiwanda kimoja, mitungi ya kukenekea (kuchemsha na kukusanya mvuke), na kukaa Uskoti kwenye mapipa ya mwaloni kwa miaka isiyopungua 3. Kilevi hakiwezi kushuka chini ya asilimia 40. Umri ulioandikwa ni wa wiski changa kuliko zote zilizomo ndani ya chupa.

Hatua ya 1: Andaa chumba kabla ya glasi

Siku hiyo usifukize udi wala ubani, usijipulizie manukato, na kusiwe na kitunguu kinachokaangwa karibu. Saa moja kabla usile pilipili, usipige mswaki kwa dawa ya mnanaa, usivute sigara. Mswaki ndio unaosahaulika zaidi: mnanaa hufanya kila wiski iwe chungu na ya baridi mdomoni.

Glasi nzuri ina tumbo na mdomo uliobanwa, kama ile ya Glencairn. Glasi ndogo ya mvinyo inafaa vilevile. Bilauri pana ya barafu haifai, kwa sababu harufu inatawanyika kabla hujaifikia. Suuza glasi kwa maji matupu, kisha inuse ikiwa tupu. Ikinuka sabuni au kabati, suuza tena.

Weka mezani maji ya chupa yasiyo na chumvi nyingi. Maji ya kisima ya Dar au Mombasa mara nyingi yana chumvi, na ya bomba yana klorini. Vyote viwili vitakudanganya hasa kwenye wiski hii, maana utadhani umeonja bahari kumbe umeonja kisima. Nunua pia dukani kwa dawa sirinji ya mililita 5 isiyo na sindano. Bila kipimo hutaweza kurudia kesho kile ulichokipenda leo.

Hatua ya 2: Mimina, funika, subiri

Mimina mililita 25 hadi 30 kama unaonja moja. Kama ni zote tatu, mililita 15 kwa kila glasi zinatosha. Funika kwa kisahani dakika 5, kisha funua na uache dakika 5 nyingine.

Hali ya hewa ya kwetu ina shida yake. Wiski imezoea chumba cha nyuzijoto 18 hadi 20. Ikiwa sebule yako ina nyuzi 31, kilevi kinapanda kwa kasi na kinafika puani kabla ya kitu kingine chochote. Weka chupa kwenye friji kama nusu saa kabla ya kumimina, basi. Ukiiacha mpaka iwe baridi kabisa, harufu italala na utabaki na utamu na ukali tu.

Rangi itazame, usiiamini. Sheria inaruhusu kuongeza rangi ya sukari iliyounguzwa, kwa hiyo wiski ya kahawia iliyokolea si lazima iwe imekaa sana kwenye pipa. Michirizi inayoshuka kwenye ukuta wa glasi nayo inahusu zaidi wingi wa kilevi kuliko ubora.

Hatua ya 3: Pua

Hapa ndipo kazi ilipo, na hapa ndipo wengi wanapoharakisha. Wanaochanganya wiski viwandani hunusa zaidi kuliko wanavyoonja.

Shika glasi usawa wa kifua. Usiizungushe kwa nguvu kama mvinyo, kwani unaamsha kilevi. Ipandishe taratibu huku mdomo ukiwa wazi kidogo, ili hewa ipite puani na mdomoni kwa pamoja. Mahali harufu inapoanza kufika, simama. Kwa wengi ni kidevuni. Nusa kwa pumzi fupi, mara mbili tatu, ondoa glasi, vuta hewa safi. Kisha jaribu tundu moja la pua, halafu la pili. Mara nyingi hayapokei sawa.

Ukizamisha pua ndani ya glasi na kuvuta kwa nguvu, kilevi kinachoma na pua inakufa ganzi kwa dakika kadhaa. Hapo watu husema "nasikia spiriti tu" na kuilaumu chupa. Dawa yake ni kuweka glasi chini na kunusa ngozi ya mkono wako mwenyewe, au shati lako, mpaka pua itulie.

Moshi utaujua mara moja. Usiishie kuuita moshi. Jiulize ni moshi wa nini: kuni mbichi, kifuu cha nazi kinachowaka, jivu la asubuhi, samaki wa kubanika, au ile harufu ya kibuyu cha mursik? Talisker huelekea kwenye moto wa kuni na pilipili manga. Caol Ila ina jivu safi, limau, na kitu cha hospitali kama iodini. Bunnahabhain ina zabibu kavu na njugu, kwa sababu ya mapipa yaliyowahi kubeba mvinyo wa sheri, na kwa mbali kuna chumvichumvi ya ng'onda. Pua yako ikisema lingine, andika la kwako.

Hatua ya 4: Mdomo

Funda la kwanza liwe dogo, nusu kijiko cha chai. Halihesabiki. Kazi yake ni kuuzoesha ulimi kilevi. Lisambaze mdomo mzima, meza, subiri nusu dakika.

Funda la pili ndilo la kuhukumia. Lishike sekunde 8 hadi 10: utamu kwanza, halafu ukali, halafu moshi unaorudi kupitia nyuma ya pua. Baada ya kumeza funga mdomo na utoe pumzi puani. Kwa Talisker ngojea pilipili: haiji mwanzoni, inapanda kooni baada ya kumeza.

Hatua ya 5: Maji kwa kipimo

Talisker 10 ina kilevi cha asilimia 45.8. Kwenye mililita 30, ukiongeza kijiko kimoja cha chai (mililita 5) inashuka hadi takriban asilimia 39. Vijiko viwili vinaifikisha 34. Kama umemimina 15, gawa maji nusu. Weka mililita 1, subiri dakika 2, nusa, onja, ndipo uongeze nyingine.

Maji hayapunguzi ukali tu. Mwaka 2017 wanakemia wa Chuo Kikuu cha Linnaeus nchini Sweden, Björn Karlsson na Ran Friedman, waliiga kwa kompyuta mchanganyiko wa maji, kilevi na guayakoli, mojawapo ya kemikali za harufu ya moshi. Kilevi kilipokuwa asilimia 45 au chini, guayakoli ilikaa juu, pale kimiminika kinapokutana na hewa. Kilipozidi 59, ilizungukwa na kilevi na kusukumwa chini. Kwa hiyo wiski iliyotolewa pipani bila kupunguzwa, yenye asilimia 58 kwa mfano, ndiyo inayohitaji maji zaidi: mililita 8 kwenye 30 huifikisha karibu 46.

Kuna mahali maji yanazidi. Utajua pale katikati ya funda panapokuwa patupu, moshi umebaki lakini utamu umeondoka. Hapo hakuna kurudi nyuma, ndiyo maana tunapima kwa sirinji.

Hatua ya 6: Mpangilio, na glasi tupu

Onja Bunnahabhain kwanza, Talisker ya pili, Caol Ila mwisho. Ukianza na yenye moshi mkali, Bunnahabhain itaonekana maji ya sukari. Kati ya glasi na glasi kunywa maji na ule kipande cha mkate mweupe usio na siagi.

Ukimaliza, usioshe glasi. Ifunike, inuse asubuhi. Kilevi kimeondoka, na kemikali za moshi, ambazo ni nzito na haziruki upesi, zimebaki ukutani. Anayeanza mara nyingi huuelewa moshi wa Caol Ila vizuri zaidi kwenye glasi hii kavu kuliko kwenye wiski yenyewe.

Maswali ya wanachama

*Mkuu, kama si bahari, hiyo chumvi inatoka wapi?*

Chumvi haigeuki mvuke, kwa hiyo inayoingia na maji inabaki chini ya mtungi wakati wa kukeneka. Na wiski nyingi ya Caol Ila husafirishwa ikiwa changa kwa malori ya matangi kwenda kukaa mapipani bara, mbali na kisiwa, lakini bado tunaiita ya bahari. Sehemu kubwa ya tunachokiita bahari ni fenoli na kresoli, kemikali za moshi wa piti, yaani mimea ya kinamasi iliyoshindiliana kwa maelfu ya miaka, ikakatwa na kukaushwa kama kuni. Moshi huo hushika kimea kikiwa bado na unyevu. Iodini ya hospitali tunayoisikia ni ya familia hiyohiyo ya harufu.

*Wauzaji wanataja ppm. Kubwa ndiyo kali zaidi?*

Namba hiyo, yaani sehemu za fenoli kwa kila milioni, hupimwa kwenye kimea, si kwenye chupa. Caol Ila na Lagavulin, kiwanda kingine cha Islay, hupokea kimea cha moshi wa kiwango kimoja, karibu 35, kutoka kiwanda cha kimea cha Port Ellen, lakini Lagavulin ni nzito na Caol Ila ni nyepesi. Caol Ila haijazi mitungi sana, hivyo mvuke hukutana na shaba kwa muda mrefu zaidi. Pia kuna wakati wa kukata, yaani kuacha kukusanya kinachotoka mtungini: fenoli nyingi hutoka mwishoni mwa kukeneka, na anayechelewa kukata anapata moshi mwingi. Nunua kwa pua.

*Niliweka barafu, wiski ikawa na ukungu. Nimeuziwa feki?*

Ukungu peke yake si dalili ya feki. Ni mafuta na esta zinazogandamana kwenye baridi. Viwanda vingi huzichuja kabla ya kufunga chupa, lakini Bunnahabhain 12, yenye asilimia 46.3, haichujwi kwa baridi. Feki iangalie kwingine: stempu ya KRA au TRA, kifuniko kilicholegea, maandishi ya lebo yenye makosa, bei ya chini mno. Ukiwa na shaka usionje hata tone. Kilevi chenye methanoli hupofusha na huua.

*Niko Mombasa, chupa niitunzeje?*

Isimamishe wima, kwa sababu kilevi hula kizibo. Iwe gizani, ndani ya boksi lake, mbali na jiko na dirisha. Joto la kawaida la nyumba haliiharibu haraka. Jua na hewa ndivyo vinavyoiharibu. Ikibaki theluthi, hamishia kwenye chupa ndogo safi uijaze mpaka juu. Na haizeeki ndani ya chupa: ya miaka 10 itabaki ya miaka 10.

*Ya miaka 18 haina moshi bora kuliko ya 10?*

Kwa kawaida moshi hupungua kadiri miaka ya pipani inavyoongezeka, na mwaloni unachukua nafasi. Anayetafuta moshi na pilipili hana sababu ya kulipia miaka 18.

*Nikionja tatu nitakuwa nimekunywa kiasi gani?*

Mililita 45 kwa jumla, karibu gramu 16 za kilevi halisi. Hicho ni zaidi ya kinywaji kimoja na nusu kwa kipimo cha gramu 10. Kula kwanza, na usiendeshe gari wala bodaboda baada yake. Kama unatumia dawa, muulize mfamasia kabla. Unaweza pia kutema kwenye kikombe, kama wafanyavyo wanaoonja glasi nyingi kwa siku. Utapoteza kidogo ile pilipili ya Talisker ya kooni, lakini mengine yote utayapata.