Kiinua mgongo kimeingia? Kaa nacho kwanza miezi mitatu

Wazazi mnaostaafu mwaka huu hii ni yenu, na sisi watoto tusome pia maana hela nyingi za kustaafu zinaishia mikononi mwetu.

Baba yangu mdogo alikuwa mwalimu. Mafao yakaingia, wiki ya tatu tu akanunua Coaster iliyotumika, akampata dereva, wakakubaliana hesabu elfu themanini kwa siku. Mwezi wa kwanza hesabu ilikuja kamili, wa pili ikaanza kuja nusu, leo trafiki, kesho tairi, keshokutwa spea, mwezi wa nane injini ikanoki. Gari mpaka leo iko uani kwake Gongo la Mboto chini ya mwarobaini, kuku wanataga kwenye siti ya nyuma. Biashara ya daladala inalipa watu wengi tu hapa Dar, lakini inalipa watu wanaoijua gereji, na yeye miaka yote alishika chaki. Iliniuma sana, ndo maana naandika.

Kwa hiyo cha kwanza, miezi mitatu usinunue kitu kikubwa. Na hela isikae kwenye akaunti ile ile yenye kadi unayotembea nayo, itakwisha tu. Iweke sehemu salama inayotoka ukiihitaji, mfano Mfuko wa Ukwasi wa UTT AMIS (kampuni ya serikali inayowekeza hela za watu kwa pamoja), unakua taratibu na ukiomba unalipwa ndani ya siku chache za kazi. Akija mtu na dili la kiwanja "mwisho kesho", mwambie hela imefungwa mpaka mwezi fulani. Utaona wanavyopungua.

Katika hiyo miezi mitatu nunua daftari. Nasema hivi kwa sababu mama yangu alivyostaafu tulifanya naye, kila jioni anaandika, luku elfu kumi, dagaa elfu tatu, nauli Mbagala kwenda na kurudi, mtungi wa gesi, vocha. Mwisho wa mwezi tukajumlisha mezani, unga na mchele na mafuta vilikuwa laki na arobaini, michango (harusi mbili, msiba, kipaimara) laki na themanini na tano. Mama alinyamaza kwanza alafu akasema kumbe nakula kidogo kuliko navyochangia. Siku hiyo akajiwekea kiwango cha michango kwa mwezi, na anayekasirika anakasirika.

Daftari linakupa namba muhimu kuliko zote, naiita pengo. Tuseme mnatumia 550,000 kwa mwezi na pensheni ni 380,000, pengo ni 170,000. Hilo pengo ndo kazi ya kiinua mgongo. Watu wengi wanaulizana "nifanye biashara gani" wakati swali ni "hii 170,000 itatoka wapi kila mwezi bila mimi kutoka jasho".

Na hapa kumbuka mkupuo, yaani sehemu ya mafao unayolipwa mara moja, siku hizi si sawa na wa wakubwa zetu waliotangulia. Tangu 2022 ilikuwa asilimia 33, bajeti ya 2024/25 ikapandisha hadi 40 kwa kundi lililokuwa likipata 50 zamani, na 35 kwa lililokuwa likipata 25. Kinachobaki kinakuja kama pensheni ya mwezi. Kwa hiyo usipige mahesabu kwa mkupuo aliopata jirani yako 2015.

Sasa kuziba pengo. Mimi napenda hatifungani za serikali zinazouzwa na Benki Kuu, yaani unaikopesha serikali nayo inakulipa riba, unanunua kupitia benki yako au dalali wa soko la hisa, kima cha chini ni milioni moja na riba inaingia kila baada ya miezi sita. Tuseme umepata ya asilimia 12, ukiweka milioni 17 unapata 2,040,000 kwa mwaka, gawa kwa 12 ni 170,000, pengo limeziba na milioni 17 zako bado zipo. Usiogope kama ni ya muda mrefu, mfano miaka 20, unaweza kuiuza sokoni kabla ila bei inaweza kuwa chini ya uliyonunulia, ndo maana usiweke hela yote. Riba yenyewe haipandi wakati sukari inapanda, hilo nalo lijue mapema.

Pembeni bakiza matumizi ya miezi sita, kwa mfano wetu ni 3,300,000, ya ugonjwa na dharura. Hii haikopeshwi mtu.

Kama una boma limefika lenta Chanika au Goba, malizia hilo, paua, weka wapangaji hata vyumba viwili. Usianze jingine. Nyumba mbili zisizo na bati hazikulishi.

Kwa watoto, amua mwenyewe kiasi, toa mara moja mbele ya wote, basi. Mtaji wa bodaboda wa mmoja kwa siri ndo unaozaa ugomvi wa wote.

Alafu matapeli, wanajua nani kastaafu sijui wanajuaje. Anakupigia anajiita wa mfuko wa pensheni, anataja jina lako kamili, anataka utume hela kidogo "mafao yaharakishwe". Kata simu, nenda ofisini PSSSF au NSSF mwenyewe. Na yeyote anayekuahidi hela kuzaa mara mbili kwa miezi michache mkumbuke ule upatu wa DECI, 2009, watu waliambiwa wanapanda mbegu na wengi hawakuvuna. Anayekusanya akiba za watu lazima awe na leseni, muulize ya Benki Kuu au ya Mamlaka ya Masoko ya Mitaji, akianza kuzunguka ondoka.

Mikopo ya kausha damu, ile ya mtaani yenye riba kubwa, nawaomba kabisa msiguse, hasa wale wanaotaka uache kadi ya ATM bondi na namba ya siri. Pensheni ikiingia wanatoa wao kabla yako, unaenda kuomba hela yako mwenyewe. Nimeona mzee analia kwa hilo kituo cha daladala Mbagala Rangi Tatu, mtu mzima kabisa. Kama kadi umeshaiacha, nenda benki kesho asubuhi ufunge kadi na ubadili namba ya siri, deni utalilipa kwa makubaliano ila kadi iwe mfukoni kwako.

Uhakiki wa wastaafu ukitangazwa fanya mapema, usipohakikiwa pensheni inaweza kusimama.

Mwisho lile daftari, ukurasa wa nyuma andika akaunti zote, namba za hatifungani, nani anadaiwa, nani anadai. Namba za siri usiandike. Mama analiweka kabatini chini ya hati ya kiwanja, na mimi na dada yangu wote tunajua lilipo.