Asidi isiyochoma kifua: jinsi ya kuijua na kuituliza

Mtu akisikia asidi anawaza kiungulia, ule moto wa kifuani ukishakula. Sasa hapa kliniki wengi nnaowaona kifua hakiwachomi kabisa, wamekuja sababu ya koo. Mwalimu anaingia anakohoakohoa kusafisha koo kila sentensi, kwenye mkoba ana paketi za amoksilini kameza zote na hamna kilichobadilika, homa hana, mafua hana. Huyo kabla sijamwandikia antibayotiki nyingine namuuliza jana alikula saa ngapi na akalala saa ngapi.

Hatua ya 1: angalia dalili zinakuja saa ngapi
Kikohozi kikavu ukijilaza au ukishakula, sauti kukauka asubuhi halafu inafunguka mchana, kuhisi donge kooni lakini ugali unapita bila shida, mdomo mchachu ukiamka, meno kulika na kutia ganzi ukinywa maji baridi, pumu kubana usiku. Kinachotokea ni kwamba ule msuli unaofunga mlango wa juu wa tumbo unalegea, asidi inapanda, na huko kwenye nyuzi za sauti hakuna utando mzito wa kujikinga kama wa tumboni kwa hiyo ikifika kidogo tu inatosha kuleta vurugu.

Hatua ya 2: usiipe asidi lawama ya kitu kingine
Hapa msipapite haraka. Maumivu ya kifua yanayokwenda mkono wa kushoto au taya, na jasho, au pumzi inakata: nenda emajensi saa hiyohiyo, usikae unatafuna vidonge vya magnesiamu. Kikohozi kimefika wiki 2? Kapime makohozi ya TB kwanza. Unatumia enalaprili au kaptoprili ya presha? Hizo zenyewe huleta kikohozi kikavu, mwambie daktari akubadilishie, ila usiache mwenyewe. Na chakula kikianza kukwama, ukikonda bila sababu, ukitapika damu au choo kikiwa cheusi kama lami, unahitaji kipimo cha kamera, maana huku Afrika Mashariki saratani ya koo la chakula ipo sana. Sauti ikikauka zaidi ya wiki 3 muone daktari wa koo.

Hatua ya 3: daftari, wiki 2
Andika ulichokula, saa, na dalili. Usifute kila kitu kwa mkupuo, utaishia kula wali mweupe na hasira. Wa kwanza kuwashuku ni chipsi na vya kukaanga, kahawa, soda, nyanya, pilipili, pombe na sigara. Kuna mtu pilipili haimfanyi chochote, chapati za usiku ndo zinammaliza.

Hatua ya 4: rekebisha usiku
Kwa dalili za usiku hii mi naiamini kuliko orodha zote za vyakula. Ukilala saa nne, saa moja uwe umemaliza kula. Nyanyua miguu ya kitanda upande wa kichwa sentimita 15 hadi 20, matofali yanatosha, na sio kurundika mito maana mito inakukunja tumbo na asidi inasukumwa juu. Lalia ubavu wa kushoto. Mwezi wa Ramadhani ndo kazi, watu wanakula daku wanarudi kitandani palepale, jitahidi hata ukae umeegemea mpaka alfajiri.

Hatua ya 5: dawa
Omeprazoli, dawa ya kupunguza asidi, inamezwa nusu saa KABLA ya chai ya asubuhi, tumbo tupu, wengi wanameza wameshashiba halafu wanasema ni feki. Koo hupona taratibu kuliko kifua, huenda ikachukua miezi 2 au 3, na usijiongezee miezi mwenyewe dukani bila kurudi kwa daktari. Kama utapimwa choo kutafuta H. pylori, yule bakteria wa tumboni, mwambie mapema unatumia omeprazoli, kwa kawaida inasimamishwa wiki 2 kabla, la sivyo majibu yanaweza kutoka hasi wakati bakteria yupo. Diklofenaki za mgongo pia mtajie, zinachubua tumbo. Maziwa? Yanapoza kidogo, halafu tumbo linamwaga asidi tena, kwa hiyo ile glasi ya usiku wa manane achana nayo.