Jinsi ya kuhakiki albamu ya pili ya msanii chipukizi

Uhakiki wa albamu ya pili unaanzia kwenye albamu ya kwanza. Isikilize yote siku moja kabla ya kugusa mpya, halafu chora jedwali daftarini: idadi ya nyimbo, jumla ya dakika, watunzi, maprodyuza, walioshirikishwa, kasi ya kila wimbo.

Chukua mfano wa Olivia Rodrigo wa Marekani. Albamu yake ya kwanza, Sour, ilitoka 2021 akiwa na miaka 18, nyimbo 11. Ya pili, Guts, ilitoka 2023 akiwa na miaka 20, nyimbo 12. Prodyuza mkuu ni yuleyule, Dan Nigro. Kwa hiyo magitaa ya rock yaliyoongezeka kwenye Guts hayakuletwa na prodyuza mgeni, ni wawili haohao wameamua kwenda huko. Asiye na jedwali hawezi kuliona hilo.

Kasi inapimwa hivi: hesabu mapigo kwa sekunde 15, zidisha kwa 4. Ukipata 28, ni 112 kwa dakika, kasi ya kawaida ya amapiano. Fuata mguu wako unavyogonga sakafu, si kayamba, maana kayamba hukimbia mara nne ya mguu. Nyimbo 7 kati ya 12 zikiangukia 110 hadi 115, usiandike kwamba nyimbo zinafanana. Andika namba, msomaji atajionea.

Sikiliza albamu mpya mara tatu, kwa siku tatu tofauti. Mara ya kwanza kwa mpangilio wake, bila kalamu. Mara ya pili kwa hedifoni, ukiandika dakika na sekunde:

Wimbo wa 4, 1:12: ngoma inakatika, linabaki gitaa. 1:20: pumzi yake inasikika kabla ya kiitikio.

Mara ya tatu sikiliza pale watu watakapousikia muziki huo: kwa Mwanza, daladala ya Buhongwa au saluni ya Kirumba. Besi usiihukumu kwa spika ya simu, wala ukiwa kwenye kivuko cha Kamanga. Muungurumo wa injini unameza sauti za chini, halafu mtu anaandika kwamba mdundo umepwaya. Unapolinganisha albamu mbili, sawazisha ukubwa wa sauti kwanza. Sikio hudhani chenye kelele zaidi ndicho kizuri.

Kwenye nyimbo za Kiswahili, kaa zaidi na maneno. Yasome kwa sauti bila mdundo. Mkazo wetu uko kwenye silabi ya pili kutoka mwisho: nakuPEnda. Mdundo ukitangulia na maneno yakaja kubandikwa juu yake, mara nyingi utasikia nakupenDA, na neno linapoteza joto lake. Mara moja ni uhuru wa mwimbaji. Likijirudia albamu nzima ambapo ya kwanza ilikuwa safi, umepata hoja yako kuu, kwa sababu inaonyesha namna ya kutunga imebadilika. Hapo ndipo uhakiki wetu ungeng'aa kuliko wa mtu yeyote wa nje, na ndipo tunapopita haraka mno.

Unapoandika, toa uamuzi wako aya ya kwanza, kisha chambua nyimbo mbili au tatu kwa kina. Kupitia wimbo wa 1 hadi wa 14 kwa sentensi mojamoja ni kusoma orodha. Sifa kama “ngoma kali” au “amekua sana” zifute, au zifuatishe sekunde inayozithibitisha.

Wahakiki wengine wasome baada ya rasimu yako kukamilika. Tovuti ya Metacritic hugeuza tahakiki nyingi kuwa alama moja kati ya 100, lakini 75 inaweza kuficha 90 na 60, na sababu za huyo wa 60 ndizo zenye faida kwako.

Kabla ya kuchapisha, rudia kila sekunde uliyoitaja kwenye albamu yenyewe. Video ya YouTube mara nyingi huanza na kionjo cha maigizo, na ile 1:12 yako inaweza kuwa 1:40 huko.