Kufunga tochi kwenye bunduki ya kuwindia nguruwe usiku

Kabla sijasema ufunge tochi gani kwenye bunduki, nenda kanunue tochi ya mkono. Ile ya kawaida, ya kutia mfukoni. Mwaka wangu wa kwanza kulima hapa Texas sikuwa nayo. Nilisikia vishindo kwenye mahindi, nikainua bunduki, nikawasha tochi ya juu yake nitazame ni nini. Mwanga ukatua kifuani kwa kijana wa shamba la jirani aliyekuja kufunga maji. Kidole changu kilikuwa nje ya triga, alhamdulillah, lakini mdomo wa mtutu ulikuwa unamtazama yeye. Niliketi chini palepale, magoti yamekwisha.

Tochi iliyofungwa kwenye bunduki humulika pale tu mtutu unapoelekea. Ukiitumia kutafutia, unaelekezea silaha kila usichokijua: ng'ombe, nyumba, mtoto wa watu. Kutafuta ni kazi ya tochi ya mkono. Ya bunduki ni ya kummulika mnyama ambaye umeshamtambua na umeshaamua kumpiga. Nitakayoeleza hapa chini yote yanafuata mgawanyo huo.

Wanaoniuliza kama ninawala nguruwe hao: siwali, mimi ni mtu wa Tanga. Utotoni tulikesha shambani tukigonga madebe ili wasiingie kwenye mihogo. Hapa debe halitoshi, maana kundi la nguruwe mwitu likilala shambani kwako usiku mmoja, asubuhi utadhani trekta limepita.

Sheria kwanza, kwa ufupi

Tangu Septemba 2019 Texas haidai leseni ya uwindaji kwa mtu anayewinda nguruwe mwitu kwenye ardhi binafsi kwa idhini ya mwenye ardhi. Hawana msimu, na usiku unaruhusiwa. Swala wa hapa wenye mkia mweupe ni habari nyingine kabisa: saa zao huanza nusu saa kabla ya jua kuchomoza na kuisha nusu saa baada ya kuzama. Ukimpiga mmoja gizani una kesi. Mpigie simu afisa wanyamapori wa kaunti yako kabla ya kutoka, ili mtu akiripoti taa na milio, yeye awe anajua ni wewe.

Sasa sikilizeni ninyi mliokuja kwa viza ya masomo au ya kazi ya muda, maana hapa wengi hujikwaa. Sheria ya shirikisho inawakataza kumiliki hata kushika bunduki, na mojawapo ya milango michache ni kuwa na leseni halali ya uwindaji. Kwa hiyo hata kama Texas haikudai leseni kwa nguruwe, wewe unaihitaji ndipo uiguse bunduki yenyewe. Mwenye grini kadi, yaani kibali cha ukaazi wa kudumu, hayumo kwenye katazo hilo. Ukiwa na shaka, muulize mwanasheria, usimuulize muuza duka.

Hatua ya 1: Soma kandela, usisome lumeni peke yake

Maboksi hutangaza lumeni kwa maandishi makubwa. Lumeni ni mwanga wote unaotoka kwenye tochi, ukienda mbele na pembeni. Kandela ni ukali wa mwanga pale katikati, na ndiyo inayofika mbali.

Hesabu yake haihitaji kikokotoo: chukua kandela, gawanya kwa umbali wa mita mara wenyewe. Streamlight ProTac HL-X, ninayoitumia mimi, ina lumeni 1,000 na kandela 27,100. Kwa mita 50 unapata laksi kama 11; laksi ni kipimo cha mwanga unaotua juu ya kitu. Kwa mita 100 zinabaki 2.7. Tochi nyingine ya lumeni 1,000 zilezile lakini kandela 10,000 itakupa laksi 4 kwa mita 50, na laksi 1 tu kwa mita 100. Lumeni sawa, kazi tofauti.

Ule umbali mkubwa ulioandikwa kwenye boksi, mathalani mita 329, ni pale ambapo mwanga umebaki robo ya laksi. Huo ni kama mbalamwezi ya usiku mweupe. Humtambui nguruwe kwa ndama hapo. Mimi huchukua theluthi moja ya namba ya boksi kuwa mpaka wangu, na sijawahi kupiga hata karibu na mpaka huo.

Kwa shamba la wazi tafuta kandela 25,000 kwenda juu. Kwa vichaka na ndani ya banda, kandela nyingi ni kero: mwanga unapiga jani la karibu na kurudi machoni mwako. Wengi hutia kioo cha kijani au chekundu kwa sababu nguruwe hawashtuki sana kwa rangi hizo. Kweli husaidia, ila kioo kinakula mwanga, kwa hiyo anza na tochi yenye nguvu ya kutosha.

Hatua ya 2: Betri

Tochi nyingi za aina hii hula CR123A mbili, za volti 3 kila moja, au 18650 moja ya kuchaji. Namba 18650 ni kipimo chake: upana milimita 18, urefu milimita 65. Zile zenye kinga ya umeme ndani huzidi hapo, hufika karibu milimita 70, na kuna tochi ambazo hazitafunga nazo. Hakikisha kabla ya kulipa.

CR123A usichanganye mpya na iliyotumika, wala kampuni mbili tofauti. Iliyochoka hulazimishwa na nzima, hupata moto, na betri za lithiamu zikipata moto ndani ya bomba la chuma lililofungwa huweza kulipuka mkononi.

Hatua ya 3: Toa risasi

Magazini nje. Vuta, tazama chemba kwa macho, kisha ingiza kidole. Rudia. Risasi zote zipeleke chumba kingine, mlango ufungwe. Kazi hii ina mikono mingi na kugeuza bunduki kila upande. Sitaki kusikia habari ya "nilijua haina kitu".

Hatua ya 4: Chagua mahali

Usipime mezani. Simama kama unavyosimama ukipiga, jicho kwenye kilenga, mkono wa kushoto ukamate handigadi, ile sehemu ya mbele inayozunguka mtutu, pale unapokaa wenyewe. Mwambie mtu abandike kipande cha tepu kidole gumba kinapoangukia. Hapo ndipo swichi itakapokaa, na tochi itaifuata swichi. Ukifunga tochi kwanza halafu ukahangaika kuifikia swichi, utakuwa unahamisha mkono gizani kila mara.

Kisha sogeza tochi mbele kadiri iwezekanavyo, uso wake ukaribie mwisho wa handigadi. Ikikaa nyuma sana, mtutu utatupa kivuli kikubwa upande mmoja, na mwenye sailensa atapata kivuli kikubwa zaidi. Lakini isipite mdomo wa mtutu wala kukaa sambamba nao, kwa sababu mwali na masizi vitaivaa lenzi. Usiifunge kwenye mtutu wenyewe. Mtutu unapaswa kutikisika bila kuguswa, ukiufunga mzigo risasi zinahama.

Kuhusu upande, rafiki yangu Mmarekani aliniambia niiweke "saa kumi na moja". Nikaifunga chini kulia. Alicheka mpaka akashika ukuta. Yeye anasoma namba ya ukutani, 11, juu kushoto. Mimi kichwani mwangu saa kumi na moja mshale uko kwenye 5. Basi kwa Kiswahili chetu ni saa tano: juu, kushoto kidogo, kwa anayepiga kwa mkono wa kulia. Kidole gumba kinafika bila kujikunja.

Hatua ya 5: Funga

Bunduki yangu ni AR-15 yenye handigadi ya matundu marefu, mfumo wa M-LOK. Kama yako ina reli ya meno, ile ya Picatinny, kazi ni nyepesi: kalisha kwenye meno, sukuma tochi mbele mpaka iguse ukingo wa jino, ndipo ukaze. Ukikaza kabla ya kuisukuma, itajisukuma yenyewe kwa mshtuko wa risasi na skrubu zitalegea.

Kwa M-LOK, legeza kidogo skrubu za kikalio, yaani kile kishikio cha tochi, nati zake zilale sambamba na tundu, ingiza. Ukianza kukaza kwa alenki, nati inageuka robo mzunguko na kushika ukuta wa ndani. Chungulia ndani kwa tochi ya mkono uone kwamba zote zimegeuka. Moja ikibaki sambamba na tundu, utahisi imekaza vizuri kabisa, mpaka siku itakapodondoka.

Futa nyuzi za skrubu zinazoshika tochi na kikalio kwa spiriti, ziache zikauke, tia tone moja la Loctite 242, gundi ya skrubu, ile ya bluu. Nyekundu usiiguse, utahitaji moto kuifungua. Handigadi ikiwa ya plastiki, gundi hiyo isiiguse maana kuna plastiki inazipasua. Kaza kwa spana ya toki, ile inayopima nguvu ya kukaza, kwa kipimo kilichoandikwa kwenye karatasi ya kikalio. Mkono wa fundi nauheshimu, lakini skrubu hizi ni nyembamba na nimeshakata moja.

Mwisho chora mstari wa rangi ya kucha kutoka kichwa cha skrubu hadi kwenye kikalio. Mstari ukivunjika, skrubu imezunguka. Mke wangu alilalamika chupa moja tu, sasa ananiachia zile za rangi mbaya.

Hatua ya 6: Waya na swichi

Kama unatumia swichi ya kubandika, pitisha waya mbali na bloku ya gesi, kile chuma kwenye mtutu kinapopitia gesi ya risasi, ambayo hupata joto la kuyeyusha plastiki. Usiache kitanzi kinachoweza kunasa mti. Funga kwa vijikamba vya plastiki, kata ncha zake sawasawa, zinachana ngozi. Mimi baada ya mwaka wa swichi ya waya nilirudi kwenye swichi ya kitako cha tochi. Hakuna waya, hakuna kukatika.

Hatua ya 7: Jaribu

Bunduki bado tupu, chumba giza, ukuta mweupe salama mbele. Washa na kuzima mara ishirini bila kuhamisha mkono. Tazama kivuli kimekaa wapi. Kesho yake nenda uwanjani, hakikisha kilenga hakijahama, piga risasi ishirini, kagua mistari ya rangi. Pakaa lenzi mafuta ya mgando kidogo sana kabla ya kupiga; masizi yatakaa juu ya mafuta na utayafuta kwa kitambaa. Yaliyokwisha kugandia huondoka kwa raba ya penseli.

Ukirudi nyumbani, legeza kifuniko cha nyuma cha tochi nusu mzunguko ili umeme ukatike. Lumeni elfu moja zikiwaka zenyewe ndani ya mfuko wa bunduki hutoboa kitambaa. Wangu una tundu la ukubwa wa shilingi mia.