Kutoa kwa Kukopa: Somo Moja kwa Darasa Lenye Watoto wa Kila Aina

Kwa mwalimu wa darasa la tatu Pemba, mwenye watoto waliobanana na ubao mmoja: usiandike maandalio matatu ya somo, hutoyamaliza. Andika moja, kisha badilisha njia ya kulifikia.

Hatua ya 1. Siku moja kabla, wape wote hesabu hii: 52 − 27. Usitie alama ya kosa ukaishia hapo, soma majibu. Aliyeandika 35 hakubahatisha. Ameona 2 kutoa 7 haiwezekani, akageuza, 7 kutoa 2. Aliyeandika 79 amejumlisha, na huenda hakuiona alama vizuri. Muonyeshe kwa karibu kabla hujamwita mzembe. Aliyeacha wazi muulize kwa mdomo, maana wapo wanaolijua jibu ila mkono wao mzito kuandika.

Hatua ya 2. Vunja fagio kuukuu la chelewa, kata vijiti vilingane, funga kumikumi kwa ukili. Usitumie mipira ya kufungia, hukatika, halafu watoto wanarushiana.

Hatua ya 3. Anza na darasa zima. Weka mafungu 5 na vijiti 2. "Nataka kutoa 7. Vinatosha?" Havitoshi. Muite yule wa 35 afungue fungu moja kwa mkono wake mwenyewe, usimfungulie. Sasa kuna mafungu 4 na vijiti 12. Toa 7, vinabaki 5. Toa mafungu 2, yanabaki 2. Jibu 25. Usiharakishe hapa hata kama kipindi kinakwisha.

Ukiandika ubaoni, nyamaza. Maliza, geuka, ndipo usome kwa sauti ulichoandika. Asiyeona vizuri atakusikia, na asiyesikia vizuri atauona mdomo wako.

Hatua ya 4. Zoezi ni lile lile kwa wote. Anayehitaji atumie vijiti, mwengine achore mistari, mwengine namba tupu. Mwenye mkono mzito mpe maswali matano badala ya kumi, lakini yasiwe mepesi zaidi. Waliomaliza mapema watunge masuala yao: bibi kaanika pishi 52 za karafuu, kauza 27... Usiwafanye walimu wasaidizi kila siku. Nao wamekuja kusoma. Na makundi usiyape majina, watoto wanajua mara moja kundi lipi la "wajinga".

Hatua ya 5. Viti. Mwenye uoni hafifu si lazima akae mbele, kwani mwanga wa dirisha huufanya ubao ung'are. Muulize anaona vizuri akiwa wapi, umuweke hapo.

Akiendelea kutatizika kuona au kusikia, muite mzee wake, mzungumze faragha kuhusu kumpeleka hospitali akapimwe. Wewe mwenyewe, kama uko Wete, pita kituo cha walimu Mitiulaya ukaulizie elimu mjumuisho, yaani kusomesha watoto wote pamoja, wakiwemo wenye ulemavu, na uchukue daftari la mtoto lenye majibu yake.