Jinsi ya kuchunguza wakati uliopita katika lugha za Kanda ya Ziwa

Kiswahili kina -li-. Umelima asubuhi, jana au enzi za Mjerumani, yote unaweza kuyasema kwa "nililima". Lugha nyingi za Kibantu kandokando ya Ziwa Victoria hazina uvivu huo: kitenzi chenyewe kinaonyesha kama jambo ni la leo, la jana au la zamani. Hapo ndipo anayehoji kwa Kiswahili anapopigwa chenga. Anauliza "nililima mnasemaje?", anapewa umbo lililomjia msemaji kwanza, analiandika, na maumbo mengine yanabaki kijijini.

Tazama Kihaya, kitenzi kukoma, maana yake kufunga (kwa kamba):

twaakoma: tulifunga, leo mapema
tukomile: tulifunga jana
tukakoma: tulifunga kabla ya jana

Angalia hiyo -ka-. Sikio la Kiswahili linasikia "tukafunga", yaani tendo linalofuata jingine katika masimulizi. Kihaya kinasema ni zamani. Ukiandika tafsiri kwa kufananisha viambishi, umekwisha kosea. Njia ifuatayo inafaa kwa Kihaya, na ni ile ile ukienda Ukerewe kwa Kikerewe, Majita kwa Kijita, Sengerema kwa Kizinza au Magu kwa Kisukuma.

Hatua ya 1: Chagua vitenzi

Sita vinatosha kuanzia, ila visifanane. Viwili viwe vya kazi za kawaida, kama kulima na kuvua. Kimoja mzizi wake uanze na irabu, kimoja kiwe na mzizi mfupi sana kama -fa, kimoja kiwe na shina refu, na kimoja kiwe cha hali, kama kulala au kujua. Pima urefu na irabu kwa lugha unayoichunguza, wala si kwa Kiswahili. Sababu ni kwamba kiambishi cha mwisho kama -ile hubadilisha konsonanti iliyo jirani, na kwenye shina refu huweza kupenya katikati hadi usikitambue. Ukiwa na kitenzi kimoja tu utadhani umepata njeo mpya (umbo jingine la wakati), kumbe ni ile ile imevaa sauti nyingine. Vitenzi vya hali navyo vina vituko vyao: umbo ambalo kwa kulima ni la wakati uliopita, kwa kulala laweza kumaanisha mtu yuko usingizini sasa hivi.

Hatua ya 2: Andaa hali, usiandae sentensi

Hii ndiyo kazi yenyewe. Östen Dahl wa Uswidi aliitumia njia hii miaka ya 1980 kulinganisha lugha nyingi za dunia: unaeleza mazingira, unataja kitenzi bila njeo, msemaji anakijaza mwenyewe. Kwa Kiswahili uliza hivi:

"Mzee, tuseme ni jioni. Mkeo anakuuliza kazi ya leo asubuhi. Kazi ni kulima shamba la mihogo. Utamjibuje?"

Kisha badilisha hali tu: jana, juzi, wiki iliyopita, mwaka jana, ulipokuwa mtoto. Usimwombe aseme neno "jana" ndani ya jibu. Likiwepo, halitakuonyesha kama kitenzi peke yake kinatosha kubeba siku.

Mpaka wa siku ndio unaofichua mengi, na wavuvi wa dagaa ndio wa kuuliza. Wanavua usiku wa giza kwa taa na kurudi mwaloni, yaani ufukweni wanakoshusha samaki, alfajiri. Samaki waliingia wavuni saa tatu usiku, mvuvi anasimulia saa moja asubuhi: atatumia umbo la leo au la jana? Uliza tena kwa tendo la saa nane usiku, halafu la saa kumi na moja alfajiri. Majibu hayo matatu yatakuonyesha "leo" ya sarufi inaanzia wapi, na si lazima iwe saa sita usiku ya saa ya ukutani.

Hatua ya 3: Rekodi

Tumia faili la WAV, lisilobana sauti: kHz 48, biti 16, chaneli moja; saa moja inakula takriban MB 346. Ujumbe wa sauti wa simu unabana sauti, hivyo usiutegemee kwa uchambuzi wa matamshi. Maikrofoni iwe shubiri moja kutoka mdomoni, pembeni kidogo ili pumzi isiipige. Epuka feni, paa la bati mvua ikinyesha, na mwalo kama wa Kirumba, Mwanza, ambako injini za mitumbwi hazinyamazi.

Changanya mpangilio wa vitenzi. Mtu akisoma orodha, cha mwisho hushuka sauti, nawe utaandika toni (kupanda na kushuka kwa sauti katika neno) ambayo haipo. Kila umbo lirudiwe mara tatu, na mara moja lifuatwe na nomino. Kwa Kisukuma hili halina mjadala: toni ya juu husikika kwenye silabi zinazofuata ile inayoimiliki, kwa hiyo kitenzi kikisimama peke yake kinaweza kuficha sehemu ya toni yake. Kisukuma pia kina irabu saba. Ukiandika tano za Kiswahili, jozi mbili zitakupotea. Usipoweza kuitofautisha toni, mwombe msemaji aipige kwa mluzi.

Hatua ya 4: Andika

Mistari minne kwa kila jibu: ulichosikia, vipande, maana ya kila kipande, tafsiri.

tukomile
tu-kom-ile
sisi-funga-W2
Tulifunga (jana)

Idadi ya vistari kwenye mstari wa pili na wa tatu lazima ilingane. Yape maumbo ya wakati uliopita namba, W1, W2, W3 (W ni wakati), wala usiite "njeo ya jana" kabla ya hatua inayofuata.

Hatua ya 5: Jaribu kuvunja jedwali lako

Chukua umbo la W3 uliweke kwenye hali ya leo asubuhi, umuulize msemaji kama mtu anaweza kusema hivyo, na akisema hivyo amaanisha nini. "Hapana" ni data. "Labda, kama anajidai ni mambo ya kale" ni data bora zaidi. Msemaji akikubali kila kitu, amechoka au anakuheshimu mno; funga daftari mrudie kesho.

Rudia na msemaji wa pili na wa tatu, ukiandika walikokulia. Msukuma wa dakama (kusini) na wa ng'weli (magharibi) wanaweza kutofautiana, na aliyekulia Nyamagana, Mwanza mjini, huchanganya. Mwisho chunguza kukanusha kivyake, kwa hali zile zile zote. Usichukue umbo la kukubali ukalibandika kikanushi, maana mara nyingi maumbo ya kukanusha hayalingani moja kwa moja na yale ya kukubali, na jedwali lake huhitaji ukurasa wake.